Homa ya usiku haingoji gari la alfajiri

Barua iliyonifikia wiki mbili zilizopita ilikuwa ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa kalamu nyekundu kwa sababu, anasema mwenyewe, ya bluu ilikuwa imekwisha wino. Ni mama wa watoto watatu, anaishi huku milimani kwetu, Same. Mama yake mzazi amegundulika na saratani ya titi, amepasuliwa, na sasa ameanza dripu za kemo Moshi. "Dada, tumeruhusiwa," anaandika. "Tumepewa kadi na tarehe ya kurudi baada ya siku ishirini na moja. Kaka zangu walioko Dar wametuma laki sita na wameuliza kama kuna kingine. Sikujua niwajibu nini. Je, kuna kingine?"

Kipo, mdogo wangu, na ni kikubwa kuliko laki sita. Nimemwomba ruhusa nijibu hapa ukurasani kwa sababu najua hayuko peke yake.

Kwanza hilo neno "kuruhusiwa". Mgonjwa akiruhusiwa tunachinja kuku, majirani wanakuja kutoa pole, tunashukuru Mungu, na baada ya siku tatu kila mtu amerudi shambani kwake. Kwa nimonia ni sawa kabisa. Kwa saratani na magonjwa ya damu, kuruhusiwa maana yake ni kwamba wodi imehamia nyumbani kwako. Sehemu kubwa ya tiba hii siku hizi hutolewa mgonjwa akija na kuondoka. Anafika asubuhi, anatolewa damu ya kupima picha kamili, majibu yakiwa mazuri anawekewa dripu, jioni yuko ndani ya basi. Katika mzunguko wa siku 21, hospitali inakaa naye siku moja au mbili. Hizo nyingine zote muuguzi wa zamu ni wewe.

Sisemi kwamba utaratibu huo ni mbaya. Wenye umri wangu wanakumbuka ilivyokuwa kabla ya kitengo cha saratani cha KCMC kufunguliwa mwaka 2016. Wengi wa huku kwetu walipanda basi kwenda Ocean Road, zaidi ya kilomita 400, kufuata dripu ambayo leo inapatikana kilomita kama mia moja kutoka Same mjini. Mgonjwa kulala kwenye kitanda chake, kula makande aliyoyazoea na kusikia wajukuu wakigombana nje ni jambo jema. Ila wodi inahitaji mpangilio, hata ikiwa ni chumba kimoja chenye dirisha la mbao.

Sasa turudi kwa kaka wa Dar. Sisi Wapare vikao tunavijua. (Tunataniwa kwamba tunapenda kikao na kesi kuliko chakula, na leo sitabisha.) Kasoro iko kwenye ajenda. Kikao cha ukoo juu ya mgonjwa huwa na ajenda moja tu: nani anatoa kiasi gani. Mweka hazina anateuliwa, daftari la michango linaandikwa kwa mwandiko mzuri, kikao kinafungwa kwa sala. Hakuna anayeuliza nani ataamka saa nane usiku kumshika mgonjwa akitapika. Haliulizwi kwa sababu jibu linajulikana: ni yule binti aliyebaki nyumbani, au mkamwana. Na ndiye huyo huyo mwenye ng'ombe wa kukatia majani, watoto wa shule na tangawizi shambani.

Babu zetu walichimba ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanya maji ya mifereji, na ziko ambazo mpaka leo zinafanya kazi. Ndiva ilichimbwa na kuzibuliwa kwa msaragambo, kila nyumba ikatoa mtu, na maji yakagawanywa kwa zamu. Kila mmoja alijua zamu yake inaanza lini na kuishia lini, na aliyeiba maji ya mwenzake aliitwa mbele ya wazee. Nimeshaona familia moja upande wa Mamba ikimuuguza baba kwa mtindo huo huo, miezi kumi, na hakuna binti aliyeacha kazi wala mkamwana aliyekonda. Walichukua karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, wakaandika nyuma yake. Usiku wa wiki hii ni fulani, wa wiki ijayo ni fulani. Safari ya kliniki ni fulani. Ng'ombe wa baba ni wa jirani mpaka tarehe fulani. Mtu mmoja tu, mwenye simu inayokaa na chaji, ndiye wa kuzungumza na hospitali, na wengine wote wanamuuliza yeye badala ya kumpigia mgonjwa mara kumi kwa siku kumuuliza anaendeleaje. Walioko mbali waliandikwa pia: fedha, ndiyo, lakini na wiki mbili za likizo yao kuja kulala chumba kile. Mwanaume anaweza kumgeuza baba yake kitandani. Hata mama yake anaweza kumpikia uji, hafi.

Ratiba hiyo ndiyo ya kwanza. Ya pili ni gari, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana nitakachokuambia nimekilipia.

Dawa za kemo zinaua seli zinazokua haraka, za saratani pamoja na zile za kutengeneza damu. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe zinazotulinda na maambukizi hushuka sana kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu. Katika siku hizo mgonjwa anaweza kuonekana ana nafuu, kichefuchefu kimeisha, anaota jua nje. Akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, au akitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakijafika huko, hiyo ni dharura sawa na mama mjamzito anayevuja damu. Anahitaji dawa ya kuua bakteria kwa sindano, na saa ndizo zinazohesabiwa. Siku ni nyingi mno.

Mama yangu mdogo aliishi juu, upande wa Mbaga. Alikuwa siku ya tisa baada ya dripu yake ya pili. Saa nne usiku binti yake alinipigia simu, akasema mama ana joto na anatetemeka kidogo. Mimi nikiwa mjini, tena mwandishi wa mambo ya familia, nikasema: mpeni panadol, magari yanashuka alfajiri, mtakuja nayo. Panadol ikashusha joto, kama kawaida yake, tukalala tukiwa na amani. Mnajua magari ya milimani. Yanashuka gizani kabla ya jogoo wa pili, yanapandisha mchana, na baada ya hapo ni miguu yako au pikipiki. Alfajiri ile ilikuwa masika, barabara ilikuwa utelezi, gari likafika mjini karibu na adhuhuri. Alikuwa hajitambui. Alikaa wodini siku mbili.

Hospitali iliyompa kemo ilikuwa haijatuambia habari ya siku ya tisa, au ilituambia siku tuliyokuwa na mambo mengi na hatukusikia. Sijui, na siwezi kuwalaumu huku nikijua ushauri wa panadol ulitoka kinywani mwangu.

Kwa hiyo kabla ya mama yako kufika siku ya saba, mdogo wangu, nunua kipimajoto. Kinauzwa duka la dawa, bei yake haifiki ya kuku. Mpime asubuhi na jioni, na wakati wowote akisema anajisikia vibaya, na mpime kabla ya panadol, kamwe si baada. Andika namba tatu za watu wenye magari au pikipiki nzuri wanaokubali kuamshwa usiku, ukakae nao mapema mkubaliane bei mchana, maana bei ya saa saba za usiku mgonjwa akiwa anatetemeka haina mwisho. Zile laki sita za kaka, tenga sehemu ya gari la usiku, ifungwe kwenye kitambaa, isiguswe hata kwa sukari ya wageni. Amueni sasa mtakimbilia wapi. Aliyeko Maore au Ndungu, hospitali ya Gonja iko karibu kuliko Same mjini. Wa Vudee atashuka Same. Hamtaruka mpaka Moshi usiku huo. Mnakwenda mahali pa karibu penye daktari na sindano, tiba ianze, halafu rufaa ifuate.

Na katika safari inayokuja ya kliniki, mwombe daktari barua fupi ikae na kadi: mgonjwa huyu yuko kwenye kemo, dawa ni hizi, dripu ya mwisho tarehe hii, akifika na homa atibiwe mara moja bila kungoja foleni. Daktari kijana wa zamu kwenye hospitali ya wilaya hajawahi kumwona mama yako. Barua hiyo inamsaidia yeye kama inavyokusaidia wewe.

Mengine ya nyumbani nitayapitia haraka. Kwa saa 48 baada ya dripu, dawa inatoka kwenye mkojo, kinyesi na matapishi, kwa hiyo anayesafisha avae glovu, na mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake. Mjamzito asipewe kazi hiyo. Chakula kipikwe kiive na kiliwe kikiwa cha moto, matunda yaoshwe na kumenywa, maziwa yachemshwe. Mdomo ukitoka vidonda, asukutue kwa maji ya chumvi, na uji uliopoa utapita pale ugali unapokataa. Wageni wenye mafua wasalimie kutoka mlangoni, na anayekuja na dengelua kumchangamsha mgonjwa anywe mwenyewe huko nje. Dawa za mizizi ni mada inayoleta ugomvi. Sote tulikuwepo mwaka 2011 wakati magari yalipopanga foleni kwenda Samunge kwa kikombe cha shilingi 500, na wako waliorudi wakaacha vidonge vyao. Sitabishana na imani ya mtu. Naomba kitu kimoja tu: chochote mgonjwa anachokunywa, daktari akijue, kwa sababu kipo kinachogombana na kemo ndani ya ini, na daktari hawezi kuamua ugomvi asioujua.

Siku ya kliniki nayo ina mipango yake. Ukitegemea gari la alfajiri kutoka milimani, hufiki Moshi asubuhi ukiwa na mgonjwa mwenye nguvu. Shukeni siku moja kabla, mlale Same kwa ndugu. Muulize daktari wenu kama picha kamili ya damu inaweza kupimwa hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo ya kushuka na majibu kusomwa kwa simu, maana hakuna safari inayouma kama ya kufika Moshi ukaambiwa chembe nyeupe ziko chini, rudini wiki ijayo. Likitokea hilo, jueni hamjafukuzwa. Dripu juu ya damu iliyoshuka ingemletea hatari ile ile niliyoisimulia. Karatasi zote ziwe kwenye bahasha moja ngumu: majibu ya kinyama, picha, kadi, na daftari lenu la joto na dawa. Bahasha inasafiri na mgonjwa, haikai kwa kaka mkubwa kwa kuwa ni mkubwa.

Atakayeandikiwa mionzi ajiandae kwa namna nyingine. Kwa miaka mingi kwetu mionzi ilikuwa na maana ya Dar es Salaam. Mionzi hutolewa kidogo kidogo, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki kadhaa, dakika chache kila siku. Mgonjwa halazwi, anahitaji pa kufikia. Shemeji wa Mbagala anayempokea mama kwa wiki tano au sita aingizwe kwenye ratiba na kwenye daftari la michango pia, kwa sababu anabeba nauli za kila siku, chakula na chumba cha watoto wake kilichogeuzwa cha mgonjwa. Nimeona undugu ukivunjika juu ya jambo hili, na watu wamebaki wanasalimiana kwa kichwa.

Kuhusu fedha, mfahamu kadi yenu kabla ya kufika dirishani. CHF iliyoboreshwa, ile iliyokuwa ya 30,000 kwa kaya ya watu sita, kwa utaratibu tuliouzoea iliishia hospitali ya mkoa, na KCMC ni ya kanda. Saratani na selimundu yamo katika magonjwa ambayo sera inayatajia msamaha kwa asiyeweza kulipa, lakini msamaha haukufuati kitandani. Unaufuata kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ukiwa na barua ya mtendaji wa kijiji. Nenda nayo mkononi safari ya kwanza, maana kuifuata milimani baadaye ni nauli nyingine.

Hapa nataka kusema neno na wazazi wenye watoto wa selimundu, kwa sababu mnanilaumu kwamba naandika saratani tu. Nchini mwetu inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka, na kuuguza kwake ni kwa nyumbani tangu utotoni. Milima yetu ina mtego wake: baridi ya Juni mpaka Agosti huamsha maumivu ya mifupa. Mtoto huyo ndiye wa kwanza kupata sweta na soksi, na wa mwisho kutumwa mtoni asubuhi. Anywe maji siku nzima, na mwalimu aambiwe amruhusu kwenda nayo darasani na kutoka kwenda chooni bila kuomba mara tatu. Akishuka likizo kwa bibi Kisiwani au Ndungu, chandarua kishuke naye, kwa kuwa malaria kwake si malaria ya watoto wengine. Penisilini ya kila siku mpaka afikishe miaka mitano, foliki asidi, na kwa walioandikiwa, haidroksiyurea inayopunguza vipindi vya maumivu, ambayo inakwenda na kupima damu mara kwa mara. Mwombe daktari akufundishe kupapasa bandama, kushoto chini ya mbavu. Likivimba ghafla na mtoto akapauka, au mdomo ukapinda, au mkono ukakosa nguvu, au homa ikapanda, hilo ni gari la usiku.

Halafu kuna damu yenyewe. Mgonjwa wa leukemia au wa selimundu akihitaji kuongezewa, ndugu hukimbizana usiku kutafuta wa kuchangia. Damu salama ina kituo cha kanda pale Moshi, na mwanaume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Ukoo wa watu wazima ishirini ukijigawa, kila mwezi kuna aliyechangia. Chembe sahani, zile za kuzuia kutoka damu, hazikai zaidi ya siku tano hivi, kwa hiyo hazikusanywi zikangoja. Lazima awepo mtu aliye tayari. Andikeni makundi ya damu ya ukoo nyuma ya ile ile kalenda.

La mwisho ni maumivu. Yapo majumba huku milimani ambako usiku unasikika mlio wa mgonjwa, na asubuhi watu wanasema amelala vizuri kidogo. Iko dawa. Kampala, mwaka 1993, daktari Anne Merriman, aliyewahi kuwa mtawa, alianzisha Hospice Africa Uganda, akaonyesha kwamba morfini ya kunywa, unga uliochanganywa na maji kwa vipimo, inaweza kumtuliza mgonjwa akiwa kwenye nyumba yake ya udongo. Mwaka 2004 Uganda ikawaruhusu hata wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika. Huku kaskazini, hospitali ya Selian ya KKKT pale Arusha ilikuwa kati ya za mwanzo kuwafuata wagonjwa wa namna hii majumbani. Morfini haipatikani duka la dawa, inatoka hospitali zenye kibali, kwa hiyo uliza wazi kliniki: tiba shufaa iko wapi, na nani atatufuata nyumbani?

Watu wanaiogopa. Wanasema ni dawa ya kumalizia mtu, au atageuka teja. Mgonjwa anayepewa kipimo alichoandikiwa, kwa sababu ya maumivu, hageuki teja, na wengi wakishatulia wanaanza kula na kuongea tena. Hutolewa kila baada ya saa nne, kabla maumivu hayajarudi. Ukisubiri alie umechelewa. Inafunga choo karibu kila mgonjwa, basi omba dawa ya kulainisha siku hiyo hiyo, na papai bivu lisikose. Chupa ikae juu, mbali na watoto. Mgonjwa akisinzia kupita kiasi au pumzi ikawa ya taratibu mno, usimpe kipimo kinachofuata, piga simu kwanza.

Hayo ndiyo niliyomwandikia yule mama, kwa urefu zaidi. Juzi amenitumia picha kwa simu ya jirani. Ni ukuta, na juu yake kalenda iliyogeuzwa mgongo, imepigiliwa misumari minne. Namba za madereva ziko juu kabisa kwa kalamu ile nyekundu. Jina lake lipo mara tisa tu mpaka Desemba, amelihesabu. Kaka mkubwa ameandikwa Agosti, wiki mbili. Anasema alilalamika kwenye simu kwamba Agosti huku ni baridi, na mama mwenyewe, akiwa kitandani, akamwambia aje na sweta, na glovu boksi mbili.